Kilo 75, protini gramu 90 kwa siku: ninunue unga au niongeze chakula?

Mgeni_wa_Nondo: Wakuu, habari zenu. Nanyanyua vyuma siku nne kwa wiki, lengo ni kujaza misuli. Kwa chakula nafika gramu 90 hivi za protini. Je, unga wa protini ni lazima? Na kama ni lazima, niunywe saa ngapi?

Kidari: Si lazima, mkuu. Anza na hesabu: gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwako ni 120. Wapo wanaopanda hadi 2.2, ila huko juu faida ni ndogo. Umepungukiwa gramu 30, yaani kipimo kimoja cha unga pamoja na kikombe cha maziwa, au mayai matano, au gramu 100 za kidari cha kuku kilichoiva.

Lakini kabla hujanunua chochote, hakikisha hiyo 90 ni ya kweli. Wengi hupotelea kwenye mizani. Kidari kibichi cha gramu 100 kina protini 22 au 23. Kikiiva maji hutoka, kinabaki gramu 70 na kitu, protini ni ileile. Sasa ukipima kibichi halafu ukasoma jedwali la kilichoiva, linalosema 31, umejiandikia gramu nane ambazo hukuzila. Ukikosea hivyo mara mbili kwa siku, pengo lako halisi ni kubwa kuliko unavyodhani. Maharage nayo, yakishaiva ni gramu 8 au 9 tu kwa kila 100.

Chupa_na_Kijiko: Naongezea kwenye unga. Saa isikuumize kichwa; jumla ya siku ndiyo inayojenga. Gawa milo minne ya gramu 30, unga uweke pale ambapo kupika hakuwezekani. Usiufanye mlo kamili, maana hauna nyuzinyuzi na njaa inarudi haraka. Anayepunguza mwili ale nyama, samaki na mayai kwanza. Anayeshindwa kula vya kutosha, kunywa kutamsaidia.

Dukani gawanya gramu za protini kwa uzito wa kipimo: 24 kwa 30 ni asilimia 80, huo ni mzuri. Ukikuta protini 20 kwenye kipimo cha gramu 100, umeshika unga wa kuongeza uzito, sehemu kubwa ni wanga na sukari.

Kuchanganya: maji mililita 250 kwanza, unga juu yake, tikisa nusu dakika. Ukitanguliza unga unaganda kwenye kona za chini za chupa. Maji ya moto usiweke, protini ya maziwa inashikana mabonge kama yai. Haijaharibika, ila hainyweki.

Mgeni_wa_Nondo: Shukrani sana. Maziwa hunijaza gesi, na hapo? Na mayai mabichi je?

Chupa_na_Kijiko: Gesi hiyo huenda ni laktosi, yaani sukari ya maziwa. Tafuta unga ulioandikwa isoleti, laktosi karibu yote imeondolewa, au wa soya.

Kidari: Mayai mabichi acha kabisa. Mwili hunufaika na karibu nusu tu ya protini yake, wakati yai lililoiva ni kama asilimia 90, tena bichi lina hatari ya bakteria wa salmonela. Na kama una ugonjwa wa figo, usiongeze hata gramu moja kabla ya kumwona daktari.