Wakuu, hivi wakileta maroboti hospitali badala ya manesi mtakubali?

Kijana_wa_Ujiji: Habari za jioni wadau. Wiki iliyopita nimempeleka mama hospitali moja hapa Kigoma, tumekaa benchi toka saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, nesi yuko mmoja, huyohuyo anapima presha, anaandika daftari, anatafuta mafaili na huyohuyo ndo anatufokea. Nikawaza si bora waweke roboti tu, halichoki halinuni. Majirani zetu Rwanda si waliyaweka 2020 kipindi cha korona, pale kituo cha wagonjwa wa korona cha Kanyinya, Kigali, yanapima watu joto? Sie tunangoja nini?

Mama_Migebuka: Roboti likufokee nalo utasemaje 😂😂

nesi_zamu_ya_usiku: Mimi ni nesi ila sio huyo wako. Hayo ya Kanyinya yaliwekwa ili wahudumu wasikaribiane sana na wenye korona, hayakumfukuza mtu kazi. Na hata lile la upasuaji, da Vinci, Marekani waliliruhusu toka 2000 lakini haliendi lenyewe, daktari kakaa pembeni analiendesha kwa mikono yake. Juzi nimeletewa mtoto kaharisha mpaka kakauka, mshipa wa kuwekea dripu hauonekani, nimefunga mpira mkononi nikapapasa wapi, mguuni wapi, nimekuja kuupata kichwani saa kumi alfajiri huku mama yake analia nyuma yangu na yeye nambembeleza. Haya leteni roboti.

Mtu_wa_Kalya: Huku kwetu kusini ya Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, hata mgonjwa mwenyewe anasafiri na boti, sasa hilo roboti likizingua fundi atatoka wapi, Dar? Tuongezewe watu kwanza jamani

picha_ya_kifua: Ila tusikatae kila kitu. Kuna programu zinasoma eksirei ya kifua kutafuta TB, WHO walishazikubali 2021 kwa wenye miaka 15 kwenda juu, ikiona dalili unapelekwa kutoa makohozi yakapimwe. Sehemu isiyo na daktari wa kusoma picha hiyo ni msaada mkubwa na hakuna nesi anayepoteza kazi hapo.

Kijana_wa_Ujiji: Dada nesi nisamehe bure, nilikuwa na hasira na njaa pia. Basi mashine ianzie kwenye lile daftari na mafaili, yeye abaki na wagonjwa. Mama anarudi kliniki jumatatu, safari hii nabeba kiti changu na chapati mbili, moja ya yule nesi.