Duka la baiskeli la jirani linafungwa: ninunue nini kabla, na kazi zipi nijifunze mwenyewe?

tairi_mbili

Wakuu, habari. Duka dogo la baiskeli tunalolitegemea linafungwa mwisho wa mwezi huu na mali inauzwa kwa punguzo. Si tawi la kampuni kubwa, ni la mwenyewe na fundi wake.

Baiskeli za kuhudumia ni tatu. Ya kwanza ni ya zamani, gia moja, breki za mpira kwenye rimu. Ya pili ina kaseti (seti ya meno ya nyuma) ya gia 9 na breki za diski za mafuta. Ya tatu ni ya umeme, mota iko katikati kwenye pedeli.

Naomba ushauri: ninunue nini kabla halijafungwa? Kazi zipi mtu wa kawaida anaweza kufanya nyumbani, na zipi aache? Nikianza kuagiza vipuri mtandaoni, nitajuaje kama vitaingia? Natanguliza shukrani.

---

Hesi_ya_Kushoto

Usianzie kwenye rafu za punguzo, anzia kwa fundi ukiwa na daftari. Vipuri bado utavipata mtandaoni. Kinachoondoka ni mtu anayetazama ekseli na kusema "hiyo haiingii hapo". Mwombe akupimie vitu hivi wakati zana zake bado ziko ukutani, na umlipe kazi hiyo.

Tairi: andika namba yenye kistari iliyo ubavuni, kwa mfano 37-622. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu. Usiamini "inchi 26" wala "inchi 28" peke yake. Tairi ya "26" inaweza kuwa 559, ambayo ni ya baiskeli za milimani, au 590, yaani 26 x 1 3/8 ya baiskeli nyingi za zamani. Tofauti ni milimita 31, hazibadilishani kabisa. "28" nayo inaweza kuwa 622 au 635. Inayochekesha ni kwamba 700C na "29" zote ni 622, ila watu huziuliza kana kwamba ni vitu viwili.

Ekseli ya kati, ile inayobeba mikono ya pedeli: andika upana wa bomba la fremu, aina ya hesi (nyuzi za kusokotea) na urefu wa ekseli. Hesi iliyozoeleka zaidi ni ya Kiingereza: inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi, bomba la mm 68 au 73, na kikombe cha upande wa kulia hufunguka kinyume, kwa kugeuza kuelekea saa inavyozunguka. Ya Kiitaliano ni bomba la mm 70, kipenyo mm 36, nyuzi 24 kwa inchi, na pande zote mbili hufunguka kawaida. Asiyejua tofauti hii hukandamiza upande wa kulia kwa bomba refu mpaka hesi ya fremu inaliwa, na fremu ikishaliwa hesi huna tena kazi ya nyumbani. Urefu wa ekseli yenye ncha za mraba (mm 113, 122.5 na kadhalika) mara nyingi huandikwa mwilini mwake, lakini huuoni mpaka uichomoe. Ndiyo maana nasema apime yeye.

Nyuma: ni kaseti au ni frii ya kusokota (seti ya meno inayosokotwa kwenye hesi ya gurudumu)? Toa gurudumu, zungusha meno kinyumenyume, tazama sehemu ya kati inapoingia zana. Ikizunguka pamoja na meno ni kaseti. Ikibaki imetulia ni frii. Zana za kufungulia ni tofauti.

Na kwa baiskeli yako ya gia 9, kitu cha kwanza kununua ni sikio la direla, kile kipande cha alumini kinachoshika direla ya nyuma (kifaa kinachohamisha mnyororo kati ya gia) kwenye fremu. Hutengenezwa laini makusudi ili kipinde au kivunjike chenyewe na fremu ipone. Yapo maumbo mamia na kila fremu ina lake. Chukua mawili. Duka likishafungwa utabaki unalinganisha picha na nafasi za matundu kwenye simu.

---

Gololi_Robo

Naunga mkono hapo juu. Naongeza ya baiskeli ya gia moja, maana hiyo ndiyo unaweza kuimiliki yote mwenyewe.

Gololi: habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma huchukua za robo inchi, 9 kila upande. Ya mbele mara nyingi ni za 3/16, 10 kila upande. Ekseli ya kati ya vikombe ni za robo inchi, 11 kila upande ukiziweka bila kizimba (pete inayozishikilia). Hesabu unapozitoa, ukitandika kitambaa cheupe chini. Usichanganye mpya na za zamani: za zamani zimepungua kidogo sana, basi mpya chache hubeba mzigo wote na kuchimba koni, ile nati ya ekseli ambayo gololi huviringika juu yake. Nunua na koni za akiba ukiwa umebeba koni ya zamani mkononi. Kikombe kilichomo ndani ya habu kikishachimbika, kwa kawaida hakibadilishwi, habu imekwisha.

Kurekebisha koni ndipo wengi wanapoharibu. Koni inasogezwa mpaka mchezo uishe, kisha unaishikilia kwa spana nyembamba (13 mbele, 15 nyuma, ila pima kwanza) huku ukikaza nati ya nje dhidi yake. Nati ikikazwa huisukuma koni ndani kidogo, kwa hiyo iache imelegea nywele moja kabla hujafunga. Shika ekseli kwa vidole uizungushe: ukisikia punje, umekaza mno. Gurudumu la ekseli yenye tundu na mkono wa kufunga haraka liachiwe mchezo mdogo sana likiwa mkononi, maana mkono ule ukifungwa huibana ekseli na mchezo huisha wenyewe.

Zana za kuchukua kwenye punguzo: spana ya pedeli ya 15, kitoa pini cha mnyororo, kivuta mikono ya pedeli, ufunguo wa spoki unaokaa sawasawa kwenye nipeli zako, zile nati ndogo za kukazia spoki (uliolegea huzila kona), zana ya kaseti au frii kulingana na uliyonayo, spana za koni, na kikata waya. Usikate waya wa breki kwa koleo, unafumuka na hauingii kwenye ganda (bomba linalofunika waya).

Kivuta mikono kinaonewa sana. Kwanza toa bolti *na washa yake*. Kisha kisokote ndani kwa mkono mpaka mwisho wa hesi, ndipo uanze kukaza. Kikishika nyuzi mbili tatu tu, hung'oa hesi yote ya mkono wa pedeli. Na pedeli: ya kushoto ina hesi ya kushoto. Spana ikiwa imesimama juu ya pedeli, zote mbili hufunguka ukiivuta kuelekea gurudumu la nyuma. Huhitaji kukariri zaidi ya hapo.

Usinunue mashine ya kukandamiza beringi za usukani wala zana za kuchonga fremu. Ni kazi ya mara moja kwa miaka mingi.

---

mafuta_na_diski

Kabla hujabeba kila kitu chenye bei nyekundu: vitu vya mpira na vya maji huzeeka rafuni. Tairi ikunje ubavu, ikionyesha nyufa iache. Silanti (maji ya kuziba matundu) ya tairi zisizo na tyubu hukauka na umri, chupa ya zamani ni hasara. Gundi ya viraka iliyofunguliwa hugeuka jiwe. Vyuma, minyororo, pedi zilizofungwa na tyubu zilizo kwenye maboksi, hivyo chukua.

Kwa breki za diski, jambo la kwanza ni aina ya mafuta. Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia DOT, mafuta ya breki yasiyo ya madini, ingawa baadhi ya matoleo yake mapya ni mafuta ya madini, basi soma maandishi kwenye mkono wa breki. Ukichanganya, mipira ya ndani huvimba au kuharibika na breki nzima inakufa. DOT pia hunyonya unyevu wa hewa ikishafunguliwa, kwa hiyo usinunue chupa iliyotumika nusu hata kwa bure, na ikimwagikia fremu hula rangi.

Pedi hutambulika kwa umbo, si kwa jina la baiskeli. Ichomoe moja, ilinganishe, chukua jozi 2 kwa kila gurudumu. Kwa Shimano, pedi ikibaki na mm 0.5 ya kitambaa cha breki ibadilishe, na diski ya mm 1.8 ikifika 1.5 itoe. Pedi iliyorukiwa na mafuta ya mnyororo haisafishiki vya kutosha. Itupe, futa diski kwa spiriti, weka mpya.

Mnyororo wa gia 9: chukua 2 au 3 na kaseti moja. Pima kwa rula ya chuma, kuanzia katikati ya pini moja hadi pini ya 25. Mpya ni mm 304.8. Ukifika 307.1 (0.75%) badilisha. Ukiachia mpaka 307.8, kaseti imeshachongeka kufuata mnyororo mbovu, na mnyororo mpya utaruka juu yake ukikanyaga kwa nguvu.

Na jambo ambalo maduka huwazuia watu wasilifanye: ganda la waya wa gia lisitumike kwenye breki. La gia lina nyuzi zilizonyooka kwa urefu, la breki lina koili. Ukibana breki kwa nguvu, la gia linaweza kupasuka ghafla.

---

Karatasi_Kwanza

Baiskeli ya umeme ndiyo itakayokusumbua, na hakuna aliyeigusa. Mota za katikati za kampuni kama Bosch husomwa kwa programu ya wakala aliyeidhinishwa. Spana haikusaidii kujua kwa nini mota imekataa. Kabla ya kufungwa omba ripoti ya uchunguzi ya mota na betri, programu isasishwe, na uandike namba ya fremu, ya mota, ya betri, na namba iliyoko kwenye ufunguo wa kufuli la betri. Ufunguo ukipotea bila namba hiyo, kuutengeneza upya ni shughuli. Kisha muulize mtengenezaji wakala gani mwingine atapokea dhamana yako. Risiti ya kununulia isiwe ya karatasi peke yake, ipige picha, wino hufutika.

Usitegemee kutuma betri kwa posta. Betri za lithiamu husafirishwa kama mzigo wa hatari, daraja la 9, na wasafirishaji wengi hukataa iliyoharibika. Tafuta pa kuipeleka kwa mkono.

Ukiwa umelipa amana ya kitu ambacho hakijafika, kidai sasa. Duka likiingia kwenye ufilisi, mwenye amana kwa kawaida hupanga foleni na wadai wengine, nyuma ya benki. Baiskeli iliyoachwa kwa matengenezo ni mali yako, lakini ichukue kabla kufuli halijabadilishwa.

---

cheni_kavu

Watu hupenda kusema maduka haya yanauawa na mtandao. Ni nusu ya habari. Mwaka 2020 na 2021 watu walinunua baiskeli kuliko zilivyokuwepo, vipuri vikachelewa kwa miezi mingi, maduka yakaagiza kwa wingi mapema. Mizigo ikafika wakati wanunuzi wamepungua, na 2022 na 2023 kila mtu akauza kwa punguzo. Hata wakubwa wa mtandaoni waliumia: Wiggle na Chain Reaction Cycles za Uingereza ziliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Oktoba 2023. Juu yake kuna watengenezaji wanaouza moja kwa moja kwa mteja, kama Canyon ya Ujerumani, na wengine kama Trek na Specialized walionunua maduka na kuyaendesha wenyewe. Duka dogo haliishi kwa kuuza baiskeli mpya, faida yake iko kwenye vipuri na kazi ya mikono.

Nayasema haya kwa sababu moja ya vitendo: baiskeli ya umeme inayouzwa kwa punguzo la kufunga inaweza kuwa imekaa miaka kadhaa na betri haijachajiwa. Uliza tarehe ya betri kabla ya kuuliza bei.

---

tairi_mbili

Mmenifungua macho. Sikio la direla limepatikana moja tu, nimelichukua. Swali la mwisho: spoki za gurudumu la nyuma la gia 9, ninunue urefu gani? Na kunyoosha gurudumu ni kazi ya nyumbani au niache?

---

Hesi_ya_Kushoto

Kunyoosha kidogo ni kazi ya nyumbani. Kusuka gurudumu zima acha kwanza.

Spoki hupimwa kutoka ndani ya kona mpaka ncha ya hesi, si kutoka kichwani. Nyuma zipo urefu wa aina mbili: upande wa kaseti huwa fupi kwa mm 1.5 hadi 2 hivi, na diski upande wa pili inaweza kubadilisha hesabu. Toa moja kila upande, pima, nunua 4 kwa kila urefu pamoja na nipeli zake. Andika L na R kwenye bahasha, la sivyo utazichanganya. Unene uwe ule ule, mara nyingi mm 2.0.

Huhitaji stendi. Geuza baiskeli kichwa chini, funga kamba ya plastiki kwenye fremu ncha yake ikaribie rimu. Mahali rimu inapogusa, kaza spoki zinazotoka upande wa pili robo mzunguko na legeza za upande unaogusa robo mzunguko. Ukitazama nipeli kutoka upande wa tairi, kukaza ni kama bisibisi ya kawaida. Ukiitazama kutoka kwenye habu inageuka kinyume, na hapo ndipo watu huharibu gurudumu zima wakidhani wanalinyoosha. Ikikataa kugeuka usilazimishe, tia tone la mafuta kwenye hesi usubiri, na pedi na diski viwe vimefunikwa.

Spoki zikianza kukatika moja baada ya nyingine upande wa kaseti, usiendelee kuziba pengo. Mkazo ni mdogo au zimechoka zote, zibadilishwe upande mzima. Hiyo mpelekee fundi wako wiki hii, bado ana stendi.