SAR ya simu (kipimo cha mionzi ya simu inayofyonzwa na mwili), na kuongea huku unaendesha

Dereva_mpole: Wadau, kikaratasi cha simu yangu mpya kimeandikwa SAR 1.18 W/kg, hii mionzi ina shida? Maana mi nashinda kwenye gari, simu sikioni.

fundi_mawimbi: Iko ndani ya kiwango mkuu. Marekani mwisho ni 1.6 W/kg ukichukua wastani wa gramu 1 ya tishu (nyama ya mwili), Ulaya 2 W/kg kwa wastani wa gramu 10, na wanapima simu ikiwa inatuma kwa nguvu zote, kwa hiyo kawaida unapata chini ya hapo. Ila mtandao ukiwa mbovu simu inaongeza nguvu ili ifike mnarani, hapo ndo weka laudispika, ukiisogeza mbali na kichwa hata kidogo tu mionzi inashuka sana.

mama_k: Mionzi tena jamani?? Ukiwa spidi 100, sekunde 2 za kuchungulia meseji gari limeshakula kama mita 55 na macho hayapo barabarani!

Dereva_mpole: Si nitumie Bluetooth basi, yaishe yote mawili?

mama_k: Mikono inakuwa huru, akili bado iko kwenye maongezi. Paki pembeni, ongea, endelea.

fundi_mawimbi: Hapo sina la kuongeza 😂