Kila mwezi mnyama mpya! Hizi "algoriti mpya" ni changa la macho, na wanafunzi ndio tunaoumia

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu na una hasira, asiye na muda apite tu.

Nasoma shahada ya uzamili, uhandisi wa umeme. Chuo sikitaji. Andiko langu la utafiti linahusu kupanga kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme) kwenye laini ya usambazaji ili kupunguza umeme unaopotea njiani, na nilieleza bayana kwamba nitatumia algoriti (kanuni ya hatua kwa hatua ya kutafutia jibu kwa kompyuta) ya Storn na Price, Differential Evolution, ile inayoitwa DE kwa kifupi. Kamati imenirudishia. Sababu? "Hakuna jambo jipya." Mjumbe mmoja akanishauri, tena kwa upole kabisa, nitafute mnyama ambaye bado hajatumika, maana siku hizi algoriti hupewa majina ya wanyama. Mnyama! Eti kuna mwenzangu aliyetangulia alipita bila shida kwa kuchanganya nyangumi na mbwamwitu.

Kwa wasio wa fani hii, kisa kiko hivi. Una tatizo lenye namba nyingi unazoweza kuzibadili, na una njia ya kupima gharama ya kila chaguo. Unatafuta chaguo lenye gharama ndogo kuliko yote. Kama uwanja una bonde moja tu na fomula unaijua, hesabu za kidato cha tano na sita zinatosha: tafuta mteremko, ufuate mpaka chini. Tabu inaanza mabonde yakiwa mengi, au fomula yenyewe huioni, unachoweza ni kuingiza namba na kusubiri jibu. Hapo ndipo zinapoingia metahuristiki za makundi. Hutembei na jibu moja, unamwaga hamsini kwa mpigo, unayapima yote, mazuri yanayavuta mabaya au yanachanganywa yazae mengine, mzunguko baada ya mzunguko. Haziahidi kwamba utapata jibu bora kabisa. Zinakupa jibu zuri kwa muda unaovumilika, basi.

Na msinilishe maneno, sizipingi. Miaka ya 1960 pale Berlin, Rechenberg na Schwefel walikuwa wanabadili maumbo kidogo kidogo kwa bahati nasibu, wanayapima kwenye mkondo wa hewa, wanabakiza lililofanya vizuri. Holland akaja na algoriti zake za jeni Michigan, 1975. Dorigo akaandika tasnifu ya sisimizi wake Milano mwaka 1992, Kennedy na Eberhart wakaleta kundi la chembe mwaka 1995. Vyombo vidogo vya anga vya NASA vya ST5, vilivyorushwa Machi 2006, vilibeba antena ambayo umbo lake lilitafutwa na algoriti ya namna hii: kiwaya kimepindapinda kiasi kwamba hakuna fundi angekichora akiwa na akili zake timamu, na kilifanya kazi. Hao walileta wazo. Ukimwondoa sisimizi kwenye kazi ya Dorigo bado unabaki na kitu: kumbukumbu ya njia inayoongezwa pale palipofanya vizuri na kufifia pale pasipotumika. Kitu hicho kinaelezeka kwa hesabu bila kumtaja mdudu yeyote.

Sasa njoo kwenye haya ya leo. Popo, kimulimuli, nyangumi, nondo, mbwamwitu, simba, kuku, paka, matone ya maji, mashimo meusi ya angani. Ukurasa wa kwanza wa makala ni somo la biolojia, jinsi mnyama anavyowinda, picha ya mnyama yupo porini, mishale. Halafu zinakuja fomula mbili tatu ambazo ukizifuta majina unakuta ni chembe za 1995 zimebadilishwa herufi.

Na si mimi ninayesema. Algoriti ya "upatanifu wa muziki" ilitoka mwaka 2001, ikapata wafuasi kibao. Mwaka 2010 mtafiti Weyland akakaa chini, akaionyesha mstari kwa mstari kuwa ni aina mojawapo tu ya mikakati ya evolusheni iliyokuwepo tangu enzi za Berlin. Sörensen akaandika mwaka 2015 kuilaumu fani nzima kwa ugonjwa huu wa mafumbo. Kisha Camacho-Villalón, Dorigo na Stützle wakazipasua sita kwa mpigo: mbwamwitu, nondo, nyangumi, kimulimuli, popo na fukufuku anayekula sisimizi. Hitimisho lao ni kwamba ukishaondoa mafumbo, mawazo yaliyomo yalishakuwepo. Angalieni majina hayo vizuri: Dorigo ndiye baba wa sisimizi mwenyewe! Kama kuna mtu duniani mwenye sababu ya kutetea wadudu, ni yeye.

Lakini kubadilisha majina ningeweza kuvumilia. Linalonitoa povu ni sifuri.

Makala hizi hupima algoriti zao kwa fanksheni za majaribio (fomula ambazo jibu lake bora linajulikana tayari): Sphere, Rastrigin, Ackley, Griewank. Zote nne jibu lake bora lipo pale pale, sifuri, sifuri, sifuri, katikati kabisa ya uwanja. Sasa chukua fomula ya mbwamwitu ya mwaka 2014. Kiongozi yupo sehemu fulani, iite P. Mbwamwitu wa kawaida yupo X. Unachukua namba ya bahati nasibu C kati ya 0 na 2, unaizidisha na P, unatoa X, unaondoa alama ya hasi kama ipo. Unachopata unakizidisha na A, namba nyingine ya bahati nasibu inayopungua kadiri muda unavyokwenda, kisha unakitoa kwenye P. Hapo ndipo X mpya. (Viongozi ni watatu na hupigwa wastani, ila hesabu ya kila mmoja ni hii hii.)

Haya, tupige kwa mkono. Tuseme jibu bora lipo 50, kiongozi ameshafika 50, na mbwamwitu wetu naye yupo 50. Wote wamefika! C ikitoka 1.6, mara 50 ni 80, toa 50 inabaki 30. A ikiwa 0.5, unapata 15. Hamsini toa 15, mbwamwitu anatupwa 35. Alikuwa nyumbani kabisa, fomula imemfukuza.

Rudia hesabu ile ile jibu likiwa sifuri na wote wapo sifuri. 1.6 mara 0 ni 0, toa 0, mara 0.5, bado 0. Hasogei. Na anayekaribia sifuri, mtikisiko wake unazidi kuwa mdogo, ndiyo maana majedwali yao yanajaa sifuri nukta sifuri sifuri mpaka mwisho wa ukurasa, na wanaziandika kwa wino mzito kama ushindi.

Tatizo lile lile, umelisogeza tu upande, hakuna ugumu wowote ulioongezeka, na bingwa anaanza kuyumba. Ni mwanafunzi anayejibu sifuri kila swali, na mwalimu ametunga mtihani wenye majibu sifuri matupu, halafu shule nzima inamshangilia. Niu, Niu na Chang waliandika kasoro hii ya mbwamwitu mwaka 2019. Kudela akaandika mwaka 2022, katika jarida kubwa tu, kwamba upendeleo huu wa katikati umo kwenye algoriti nyingi mpya. Miaka imepita na bado wasimamizi wanatuelekeza huko huko!

Mengine nayapitia haraka maana mnayajua. Algoriti yao wameikaza nati zote, za wenzao wameziacha na mipangilio ya kiwandani. Wanahesabu mizunguko badala ya kuhesabu mara ngapi fanksheni imepimwa, wakati mzunguko mmoja wa huyu unapima mara mbili ya yule. Algoriti ya CMA-ES ya Hansen na Ostermeier, ambayo ndiyo mbabe wa kweli kwenye matatizo ya namba zisizokatika, huioni kwenye jedwali. Wanapigana na toleo la mwanzo kabisa la chembe za 1995, wanaishinda, wanapeana pongezi.

Na lile nadharia la Wolpert na Macready la mwaka 1997! Linasema ukichukua matatizo yote yanayowezekana na kupiga wastani, hakuna algoriti inayomshinda mwenzake. Hawa wanalinukuu aya ya pili kama kibali cha kuleta mnyama mwingine. Halafu aya ya mwisho wanasema mnyama wao amewashinda wote. Chagua moja basi.

Sasa nirudi kwenye umeme, maana ndiko roho inakouma. Laini ya majaribio inayotumika karibu kila mahali ni ile ya Baran na Wu ya mwaka 1989: nodi (vituo vya laini) 33, kilovolti 12.66, mzigo wa megawati 3.715, na upotevu wa kilowati 203 hivi kabla hujaweka kitu. Unaambiwa weka kapasita tatu, tafuta nodi na ukubwa. Makala nilizosoma zinashindana hapo kwa desimali, nondo kamzidi popo kwa sehemu ya kilowati, popo kamzidi paka.

Tuhesabu. Nodi za kuweka ni 32, maana moja ndiyo chanzo cha umeme. Ukubwa, tuseme hatua za 150 kuanzia 150 hadi 1,500, ni chaguo kumi. Kapasita moja: michanganyiko 320. Hiyo unaipima yote kabla hujamaliza kufunga mlango. Kapasita tatu: namna za kuchagua nodi tatu kati ya 32 ni 4,960, mara elfu moja za ukubwa, michanganyiko 4,960,000. Kama kompyuta yako inapiga hesabu moja ya mtiririko wa umeme kwa elfu moja ya sekunde, ni saa moja na dakika ishirini na kitu. Washa, nenda kale, rudi. Una jibu bora kabisa, si la kubahatisha, na hakuna mnyama atakayelipita. Kwenye makala nilizopitia mimi, sijaona aliyeweka jibu hilo la kweli kwenye jedwali. Mnashindana kukaribia kitu ambacho mngeweza kukijua kabla ya chakula cha mchana!

Andiko langu lilikuwa hilo: nianze na nodi 33, nipate jibu la kweli kwa kupima yote, nitumie hilo kuikagua DE, kisha niende kwenye laini ya kweli yenye mamia ya nodi na mzigo unaobadilika mchana na usiku, ambako kupima yote haiwezekani. Wamesema si jambo jipya. Nyangumi aliyeoana na mbwamwitu ndiyo jambo jipya.

NYONGEZA, nimeona majibu.

Aliyesema nina wivu kwa sababu sina makala: sina, kweli. Hesabu ya 50 na 35 ipo hapo juu, ikosoe.

Aliyesema wahadhiri wanahitaji idadi ya machapisho ili wapandishwe vyeo na hii ndiyo njia rahisi: mkuu umegusa penyewe, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Algoriti mpya inapikwa kwa wiki mbili. Kupima nguzo za laini moja na mzigo wake wa kweli ni miezi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huku kinajitembeza na picha za wanyama.

Aliyeuliza tutumie nini: kama tatizo lako ni la mistari iliyonyooka, simpleksi ya Dantzig ipo tangu 1947, usimsumbue popo. Kama mteremko unaujua, ufuate. Kama hujui kitu na vigezo ni makumi tu, anza na CMA-ES au DE. Na kabla hujajisifu pita kwenye zile fanksheni 24 za BBOB, seti ya mitihani ya kupimia algoriti, kule majibu bora yanasogezwa kwa makusudi, hayakai pale sifuri kukusubiri. Yapo majarida, Journal of Heuristics mojawapo, yaliyoandika kabisa kwenye masharti yao kwamba fumbo jipya bila wazo jipya halipokelewi. Nimelichapa sharti hilo, nitaliambatisha kwenye barua yangu kwa kamati.

Na huyu wa mwisho aliyesema algoriti yake ya nyuki haina tatizo la sifuri: sawa mkuu, weka msimbo wake hapa. Jibu bora nitalisogeza mimi, pa kulipeleka hutaambiwa, na kila mmoja anapewa idadi ile ile ya vipimo. Nasubiri.

Kuna yeyote humu aliyewahi kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa kamati kama huu akashinda? Barua inaanzia kwa mkuu wa idara au moja kwa moja kurugenzi ya uzamili?