Bunge au baraza lilipomuenzi marehemu aliyewaunganisha wananchi wenu: tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye visa vya watu waliosimama na wananchi kwenye maji, ardhi, miti au soko, wakafariki, kisha bunge, bunge la kaunti au baraza la madiwani likawaenzi. Ilikwendaje? Familia ilibaki na nini mkononi?

Naanza na Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, maana jambo lake bado linanichoma. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, wabunge walimshambulia humo humo Bungeni, wenzake wa Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, wakaitwa kundi la wanawake walioachika. Jengo halikusimama. Mwaka 2002 watu wa jimbo la Tetu wakampeleka katika Bunge hilo hilo kwa asilimia 98 ya kura. Alipofariki tarehe 25 Septemba 2011 alipewa mazishi ya kitaifa, na waombolezaji wakakusanyika Uhuru Park, bustani aliyoiokoa. Heshima ile ilinifurahisha sana. Lakini matusi ya 1989 nayo nataka yabaki kwenye kumbukumbu, wajukuu wetu wayasome. Baraza likimsifu marehemu bila kutaja alipambana na nani, limemsifu nusu.

*Kutoka Nyeri*
Asante kwa mada. Mama yangu alikuwa kwenye kikundi cha miche cha Green Belt. Hela ilikuwa ndogo, na ililipwa kwa miche iliyoshika, siyo iliyopandwa tu, kwa hiyo kiangazi akina mama walibeba maji mgongoni kuinywesha. Siku ya mazishi tulikaa mbele ya runinga. Hotuba za waheshimiwa zilimpita. Alichotaka kukiona ni jeneza: lilitengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi, kwa sababu marehemu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Mama akasema, "Huyo amekufa vile alivyoishi." Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa hotuba.

*Kutoka kando ya Ziwa, Kenya*
Kaunti yetu sitaitaja. Shangazi yangu aliwaunganisha wauza samaki wakagoma kulipa ushuru mara mbili kwa siku moja. Alipofariki, MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, alileta hoja ya rambirambi. Tuliketi roshani ya wageni, tumeonywa mlangoni: simu zizimwe, na hakuna kupiga makofi. Mtoa hoja akasoma kwamba marehemu alikuwa "mfanyabiashara mashuhuri". Ushuru hakuugusa kabisa. Binamu yangu akaanza kulia, na haikuwa kwa huzuni.

Ndipo akasimama mwakilishi wa pili, kijana aliyelelewa sokoni pale. Alisema, "Mheshimiwa Spika, mama huyu alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia limejaa risiti." Akaeleza jinsi shangazi alivyozikusanya kwa kila mama, akazifunga kwa mpira kufuata tarehe, akazimwaga mezani kwa maafisa. Kopo lile liko kwangu mpaka leo. Kama si kijana yule, Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, ingemkumbuka mtu mwingine kabisa.

*Kutoka Houston*
Jambo wandugu. Huku Texas, mzee wetu Mkongomani aliyekuwa akipokea wakimbizi wapya, kuwatafutia nyumba na kuwapeleka watoto shuleni, alisomewa azimio la rambirambi. Jueni kwamba bunge la jimbo hili hukutana kikao cha kawaida kwa siku 140 tu, tena miaka ya witiri. Mzee alifariki kikao kimeshafungwa, ikabidi tungoje. Mwisho wa maazimio hayo huandikwa kwamba Baraza litakapoahirisha kikao siku hiyo, litaahirisha kwa kumkumbuka fulani. Mjane alipotafsiriwa sentensi hiyo aliomba irudiwe.

*Kutoka Tanga*
Kwetu madiwani walisimama dakika moja, wakaketi, wakaendelea na ajenda ya taka. Marehemu alipigania kisima chetu miaka mingi. Nilitamani angalau mmoja aseme neno "kisima".

*Mwanzisha mada*
Tanga, poleni sana. Ndugu wa Ziwa, je, familia mliandaa maelezo mapema? Na Hansard mliipataje?

*Kutoka kando ya Ziwa, Kenya*
Hatukuandaa, na ndiyo maana wa kwanza alisoma vile. Mwakilishi huandika anachopewa. Mpeni ukurasa mmoja kabla ya kikao: jina kamili lilivyo kwenye kitambulisho, alianza lini, alidai nini, nani alimkatalia, kipi kilibadilika. Mpeni na yule atakayeunga mkono hoja, asije akasifu ukarimu tu. Hansard tuliomba kwa barua kwa karani wa bunge la kaunti, tukataja tarehe ya kikao. Tukatoa nakala kwa kila mama aliyekuwa na risiti kwenye lile kopo.