Ushauri: nimuue jasusi wangu au nimwache? Nimekwama kitabu cha saba

Kalamu Butu (mleta uzi)
Wakuu habari za saa hizi. Naomba ushauri, matusi hapana. Kuna mfululizo wa riwaya za kijasusi, vitabu sita vimeshatoka, mhusika ni yuleyule toka cha kwanza, humu tumwite Nukta maana jina lake lenyewe sitalitaja. Sasa niko cha saba, nimefika sehemu anaingia ghalani kupitia darini, chini kuna watu wanne wanamsubiri, na kila nikiandika anavyotoka naona anatoka vilevile alivyotoka kitabu cha pili na cha tano, yaani anazima taa, anarusha kitu kona ya pili, wale wanageuka, kwisha habari. Usiku wa tatu huu sijalala vizuri. Nafikiria asitoke. Afie mlemle tumalize. Wasomaji watanielewa kweli? Mliosoma mifululizo mirefu nisaidieni.

Nondo Kumi
Siti ya mbele kabisa. Uzi bila picha ya jasusi haunogi.

Mzee wa Pembeni
Kijana, sisi tumekua na Willy Gamba wa Musiba, alianza 1974 huyo. Kitabu kinakufikia kimeshapita mikono ishirini, jalada hakuna, kurasa za mwisho hakuna, kwa hiyo kuna kimoja nilikaa miaka sijui Willy alichomokaje, na wala sikuwahi kuwaza kwamba kafa. Nilijua tu katoka. Halafu akaja Joram Kiango wa Mtobwa, hicho mwalimu alinikamata nacho chini ya dawati akanichapa, akakichukua, wiki nzima namuona anakisoma yeye. Siku nimejipa moyo nimwombe anirudishie akaniambia subiri nimalize. Mpaka leo. Swali lako lilikuwa lipi vile?

Kipanga
Mkuu, kumuua mhusika wa mfululizo usikurupuke. Conan Doyle alimchoka Sherlock Holmes akamtupa kwenye maporomoko 1893, miaka kumi baadaye kamrudisha kwa mkono wake mwenyewe (najua Holmes sio jasusi msinianze). Ian Fleming naye 1957 alimwacha jasusi wake James Bond anaanguka sakafuni na sumu mwilini, kapigwa na kisu kilichofichwa kwenye kiatu cha mama mmoja wa Kirusi, kitabu kikaishia hapohapo. 1958 Bond huyo yuko kazini. Kwa hiyo ukiua, ua kweli. Ila naona ugonjwa wako uko kwingine, ghala ni lile lile na ujanja ni ule ule. Nukta ana miaka mingapi sasa hivi?

Kalamu Butu
Kitabu cha kwanza 34. Cha sita hakikutaja. Katikati imepita miaka kumi na moja. Na kuna lawama nyingine ya wasomaji, ana kovu la risasi begani, kitabu cha kwanza liko bega la kushoto, cha nne limehamia kulia, watu waliandika sana.

Nondo Kumi
Kovu nalo lina mafunzo ya kijasusi, linabadilisha kituo cha kazi 😂😂

Kipanga
Umri ndio dawa yako hiyo. Fleming kwenye kitabu cha 1955 aliweka wazi kwamba majasusi wenye namba za 00, wale wenye ruhusa ya kuua, wanatolewa kwenye kikosi hicho wakifika 45, na Bond anakaa ofisini anahesabu amebakiza miaka minane. Anahesabu! Hapo ndo unamuona mtu. Le Carré yeye alibanwa na kalenda, jasusi wake Smiley alianza 1961 tayari kashakula chumvi, vitabu vya baadaye ikabidi amsogezee miaka ya ujana mbele kimyakimya, na 2017 bado yupo kwenye kitabu. Hakuna aliyeenda mahakamani. Kuliko umuue, mpe goti linalouma asiweze kupanda huko darini, uone atatokaje. Na fungua daftari la mhusika, kovu liko wapi, nani alimdanganya, nani anamdai, usitegemee kichwa.

Kalamu Butu
Daftari lipo mkuu, limejaa. Tena ukurasa wa mwisho ameandika asife, achoke tu, lakini mimi kwa ninavyoiona hadithi ilipofika, kifo ndio kinaleta heshima.

Bi Tausi
Simama hapohapo. "Ameandika" nani?

Nondo Kumi
Jasusi kakamatwa mpakani.

Mama Wawili
Mimi niseme ukweli hata kama mtachukia, hizi hadithi za mabastola na wanawake wa hotelini ndio zinafanya vijana waone kudanganya ni ushujaa. Mtu kila kitabu mpenzi mpya, mke hana, mtoto hana, mama mzazi hatajwi hata siku moja. Nani kamlea huyo? Andika vitabu vya kujenga mwanangu.

Mzee wa Pembeni
Joram alikuwa na Nuru. Sio kila mtu mhuni, mama.

Bi Tausi
Kalamu Butu bado nakusubiri. Daftari la nani?

Kalamu Butu
Sikutaka kufika huku. Nukta sio wangu. Ni wa kaka yangu mkubwa. Yeye alikuwa anaandika kwa mkono, mimi nachapa, toka kitabu cha kwanza. Amefariki mwaka jana, cha saba kimefika katikati, palepale darini. Kwa hiyo mnaponiambia goti sijui daftari nawaelewa, ila kaka yuko chini halafu huyu aendelee kuruka paa kwa paa? Wa nini? Nimeshaandika sura tatu za mwisho na anakufa vizuri tu, hateseki. Jalada limeshachorwa, lina jeneza.

Kipanga
Pole sana mkuu. Kumbe swali ni tofauti kabisa. Lakini wewe sio wa kwanza. Jean Bruce wa Ufaransa alianzisha OSS 117 mwaka 1949, akafa kwa ajali ya gari 1963, mke wake Josette akaendelea kumwandika yuleyule jasusi, baadaye watoto wao nao wakaingia. Bond alipofiwa na Fleming 1964, kitabu cha 1968 aliandika Kingsley Amis kwa jina la kificho la Robert Markham. Tofauti ni kwamba msomaji alijua mwenye mkono wa kwanza hayupo. Chako jalada lina jina la nani?

Kalamu Butu
La kaka.

Bi Tausi
Peke yake?

Kalamu Butu
Peke yake. Ndivyo vitabu sita vilivyotoka, mimi nianze kujitia leo?

Bi Tausi
Na shemeji yako anajua kwamba mume wake hakukimaliza?

Kalamu Butu
Shemeji anajua kitabu kipo. Anasubiri kitoke, ana furaha, kila akinipigia ananiuliza lini. Sijamdanganya, hakuniuliza nani kaandika ukurasa gani.

Bi Tausi
Jibu la kijasusi hilo. Yaani mtu kaandika kwa mkono wake asife, wewe unamuua kwa jina lake mwenyewe, halafu mjane asome akadhani mume wake ndo aliaga hivyo. Haya ya Bond na maporomoko wekeni pembeni, huyu hana tatizo la riwaya.

Mama Wawili
Kumbe ni mfiwa. Pole mwanangu, yale ya juu nimeyafuta moyoni.

Kachero Mstaafu
Nimesoma toka juu na nasema hii ni chai, tena ya rangi. Mtu kaja hapa hajui afanye nini, usiku wa tatu halali, dakika ishirini baadaye sura tatu za mwisho zipo na jalada lina jeneza. Jalada la kitabu ambacho hujui kinaishaje? Kaka marehemu, daftari, maneno matatu ya mwisho, jina limefichwa. Hii ni sura ya kwanza ya riwaya, tunajaribishiwa. Wiki ijayo ataweka namba ya kununua.

Nondo Kumi
Tangazo gani halina jina la bidhaa sasa?

Kachero Mstaafu
Ndio ufundi wenyewe. Yule Quiller wa Adam Hall kaenda vitabu 19 hujui jina lake halisi na watu walinunua vyote.

Nondo Kumi
Basi kama ni chai mimi nimeipenda, mimina. Nataka kujua wale wanne pale chini.

Mzee wa Pembeni
Na mimi. Nimeshaachwa bila kurasa za mwisho mara moja, mara ya pili sikubali.

Kalamu Butu
Mnaoona nimetunga, sawa, tungeni na nyie mfiwe. Sura niliziandika wiki mbili baada ya msiba, jalada likafuata, nikaja hapa kwa sababu juzi nilifungua daftari kutafuta tarehe moja nikakuta ule ukurasa. Sikuwa nimeuona kabla. Kachero nimekujibu, sikujibu tena.

Kachero Mstaafu
Haya. Nijibu kimoja tu, mtunzi anayetunga hapohapo hawezi. Kovu ni bega gani?

Kalamu Butu
Kushoto. Kwenye daftari lake ni kushoto vitabu vyote. Cha nne nilikosea mimi kuchapa, na lawama akabeba yeye, hakuwahi kumwambia mtu.

Bi Tausi
Mpigie shemeji.

Kalamu Butu
Saa hizi amelala.

Bi Tausi
Kesho kuna asubuhi.