Mrejesho: 4,294,967,297 si namba tasa

Wandugu, aksanti kwa majibu. Niliuliza kama 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukijumlisha 1, ni namba tasa, maana wanafunzi wangu hapa Lubumbashi walikuwa wanabishana. Si tasa: ni 641 × 6,700,417.

Kilichotuokoa ni ule ushauri wa kutojaribu namba tasa zote tangu 3. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi chini ya 700 zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641 tu. Tuligawa ubaoni kwa mkono; vikokotoo vyao vya tarakimu 8 havibebi namba ya tarakimu 10.

Lakini uthibitisho usiogawa kitu ndio uliowanyamazisha, hata wabishi wa nyuma. 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Ukihesabu kwa mabaki ya 641 (yaani unaangalia tu kinachobaki ukigawa kwa 641, kwa hiyo 641 yenyewe ni 0), 5 × 2⁷ ni −1, hivyo ukiinua kwa kipeo cha 4, 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Na 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka mahali pake: −2³² ni 1, yaani 2³² + 1 ni 0. Kwisha!

Mwanahisabati Mfaransa Fermat aliamini namba za aina hii (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha kwa 2, ukijumlisha 1) zote ni tasa, na kweli 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa. Mwanahisabati mwenzake wa baadaye, Euler, ndiye aliyemkanusha mwaka 1732, kwa 641 hiyohiyo.

Sasa wanataka kipeo cha 64. Nimewaambia kigawo kidogo ni 274,177, chaki ni yao.